Kitu Kimoja, Jina Moja: Usahihishaji wa Majina katika Nyaraka za Programu Huria

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya kitaalamu ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua, uko wazi kwa mtu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa kufuata masharti ya leseni yake. Uwazi huo umezifanya programu za namna hiyo zienee katika benki, hospitali, vyuo na mitambo ya simu duniani kote, lakini pia umezaa tatizo ambalo halizungumzwi sana nje ya duru za wataalamu. Kwa kuwa programu moja huandikwa na mamia ya watu walio katika nchi mbalimbali na kwa muda wa miaka mingi, na kwa kuwa nyaraka zake, yaani miongozo inayomwelekeza mtumiaji namna ya kuisakinisha na kuitumia, huandikwa na watu hao hao au na wengine waliojiunga baadaye, kitu kimoja huishia kuitwa kwa majina mawili au matatu, na mara nyingine jina moja hubebeshwa vitu viwili tofauti.

Mwananchi ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinamtaja kuwa Mwanaisha, cheti cha shule kinamtaja kuwa Mwanaasha na kitambulisho cha taifa kinamtaja kuwa Aisha anaujua vizuri usumbufu unaotokana na hali hiyo, kwani kila karani aliyeandika alidhani ameandika sawa, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kumtesa. Katika nyaraka za programu mambo ni hayo hayo, isipokuwa kwamba anayehangaika ni msomaji asiyemfahamu mwandishi na asiye na ofisi ya kumwendea. Mzoefu husoma majina mawili akatambua mara moja kwamba yanataja kitu kimoja, ilhali mgeni hudhani kuna vitu viwili, akaanza kukitafuta cha pili ambacho hakipo. Hivyo gharama ya majina yasiyolingana humwangukia hasa yule ambaye mwongozo uliandikwa kwa ajili yake.

Aina tatu za majina

Kabla ya kusahihisha jina lolote ni lazima kwanza kujua ni jina la aina gani, na hapa programu ya PostgreSQL inafaa kuwa mfano, kwa sababu ni ya zamani, inatumika sana, na historia ya majina yake imehifadhiwa vizuri. PostgreSQL ni mfumo wa kusimamia hifadhidata, yaani programu inayotunza taarifa nyingi kwa mpangilio wa majedwali na kuzitoa kila zinapohitajika. Ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ikiitwa POSTGRES, jina lililomaanisha kwamba imekuja baada ya mfumo mwingine ulioitwa Ingres. Katikati ya miaka ya 1990 ilitolewa upya kwa jina la Postgres95, na mwaka 1996 ikapewa jina la PostgreSQL ili ionekane kuwa sasa inaielewa SQL, lugha inayotumika kuuliza maswali katika hifadhidata.

Kutokana na historia hiyo, aina ya kwanza ya majina ni jina la mradi wenyewe. Jina rasmi ni PostgreSQL, lakini watumiaji wengi wanaendelea kusema Postgres kwa kuwa ni rahisi kutamka, na mradi wenyewe unalikubali jina hilo fupi kuwa la mazoea. Kosa huanza pale ukurasa mmoja unapoandika PostgreSQL, mwingine Postgres, na wa tatu PostGreSQL au Postgre, maumbo mawili ambayo hayajawahi kuwa rasmi wakati wowote.

Aina ya pili ni istilahi, yaani majina ya dhana zinazofafanuliwa na mwongozo. Tangu toleo la 8.1 lililotoka mwaka 2005, PostgreSQL iliunganisha watumiaji na makundi ya watumiaji kuwa dhana moja inayoitwa jukumu, na mtumiaji sasa ni jukumu lenye ruhusa ya kuingia katika mfumo. Mwongozo unaomwita mtu huyo mtumiaji katika sura moja na jukumu katika sura nyingine bila kueleza uhusiano wa majina hayo unamwacha msomaji njia panda. Neno klasta nalo lina utata wa namna yake, kwa sababu katika nyaraka za PostgreSQL lina maana ya mkusanyo wa hifadhidata zinazosimamiwa na seva moja, wakati mahali pengine pengi katika fani ya kompyuta lina maana ya kundi la kompyuta zinazofanya kazi kwa pamoja.

Aina ya tatu ni majina yanayosomwa na mashine: amri, mafaili, saraka, safu za majedwali na vigezo vya mipangilio. Seva ya PostgreSQL huanzishwa na faili la programu linaloitwa postgres kwa herufi ndogo zote, na chombo cha kuzungumza nayo kinaitwa psql. Majina hayo hayafuati kanuni za tahajia za lugha ya binadamu, na mwandishi hana uhuru wa kuyapamba, kwa sababu herufi moja tu inatosha kuharibu kazi. Mwongozo ukimwelekeza mwanafunzi aunde jedwali kwa kuandika CREATE TABLE "Wanafunzi" ndani ya alama za kunukuu, kisha ukurasa unaofuata ukamwelekeza alisome kwa kuandika SELECT * FROM Wanafunzi bila alama hizo, mfumo utajibu kwamba jedwali halipo. Sababu ni kwamba PostgreSQL hulibadilisha kila jina lisilo na alama za kunukuu kuwa herufi ndogo kabla ya kulitafuta, hivyo hutafuta wanafunzi huku jedwali lililoundwa likiwa Wanafunzi. Mwandishi wa mwongozo huo hakukosea hoja wala maelezo. Alichokosa ni kuliandika jina lile lile kwa namna ile ile mara mbili.

Jina lililopoteza taarifa za watu

Wapo wanaoona kwamba mambo haya ni ya wapenda tahajia, na kwamba mtumiaji makini atajua mwenyewe kinachokusudiwa. Yaliyotokea kwa saraka iliyoitwa pg_xlog yanaonyesha kwamba dhana hiyo ni ya hatari.

Mfumo wa PostgreSQL hauandiki mabadiliko moja kwa moja katika mafaili ya data. Kwanza huandika maelezo ya badiliko katika daftari maalumu, na baadaye ndipo badiliko lenyewe hutiwa mahali pake, ili umeme ukikatika au kompyuta ikizima ghafla, mfumo uweze kulisoma daftari hilo na kurejesha kila kitu sawasawa. Daftari hilo linaitwa WAL, na kwa kawaida hugawanywa katika mafaili ya megabaiti 16 kila moja. Kwa miaka mingi mafaili hayo yaliwekwa katika saraka ya pg_xlog, na kando yake palikuwa na saraka nyingine iliyoitwa pg_clog, ambayo hutunza hali ya kila muamala, yaani kama umekamilishwa au umefutwa.

Tatizo lilikuwa katika herufi tatu za mwisho. Kwa msimamizi yeyote wa kompyuta, log ni jina la mafaili ya kumbukumbu za matukio ya kawaida, ambayo hukua siku hadi siku, hujaza diski, na yanaweza kufutwa bila madhara yakishakuwa ya zamani. Msimamizi aliyekuta diski imejaa na akaona saraka kubwa yenye jina hilo alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba amempata mkosaji, akayafuta mafaili yake, na hapo akawa amefuta uti wa mgongo wa hifadhidata yake. Maelezo rasmi ya toleo la 10, lililotoka Oktoba 2017, yanakiri kwamba watumiaji walikuwa wakizifuta taarifa hizo kwa kudhani si muhimu, na kwamba data ilipotea bila uwezekano wa kurejeshwa. Kwa sababu hiyo pg_xlog ikawa pg_wal, na pg_clog ikawa pg_xact.

Badiliko hilo halikuishia katika saraka mbili, kwa sababu neno lile lile la zamani lilikuwa limesambaa katika zana na amri nyingine, na kuliacha huko kungezalisha mkanganyiko mpya. Zana ya pg_receivexlog ikaitwa pg_receivewal, pg_resetxlog ikaitwa pg_resetwal, na pg_xlogdump ikaitwa pg_waldump. Aidha, wasanidi walitumia nafasi hiyo kuondoa mchanganyiko mwingine: namba inayoonyesha mahali mfumo ulipofikia katika daftari ilikuwa ikiitwa location katika baadhi ya amri na lsn katika nyingine, na ikaamuliwa kwamba lsn ndilo litakalobaki. Amri iliyoitwa pg_current_xlog_location ikageuka kuwa pg_current_wal_lsn, sehemu mbili za jina moja zikisahihishwa kwa mkupuo.

Nyaraka nazo zililazimika kufuata, na hapo ndipo ugumu wa kazi unapoonekana. Toleo la 9.6, lililotangulia, liliendelea kuhudumiwa hadi Novemba 2021, jambo linalomaanisha kwamba kwa takriban miaka minne majina yote mawili yalikuwa sahihi kwa wakati mmoja, kila moja katika mwongozo wa toleo lake. Mtu mwenye nia njema ambaye angeingia katika mwongozo wa 9.6 na kubadilisha pg_xlog kuwa pg_wal angekuwa ameharibu mwongozo uliokuwa sahihi. Isitoshe, vitabu na maelezo yaliyochapishwa zamani hayakubadilika, na kwa ajili ya wasomaji wanaotoka huko mwongozo wa sasa una kiambatisho cha vipengele vilivyoondolewa au kubadilishwa majina, kinachomwelekeza mtafutaji wa jina la zamani kwenye jina jipya. Aidha, tangu toleo la 13 la mwaka 2020 mwongozo huo una sherehe, yaani orodha ya istilahi na maana zake, ambayo humpa kila mwandishi mahali pamoja pa kuthibitisha neno kabla hajalitumia.

Majina ambayo hayasahihishiki

Si kila kosa la jina linaweza kurekebishwa, na msahihishaji asiyejua mpaka huo huleta hasara. Mfano mashuhuri ni kichwa cha ujumbe kinachoitwa Referer katika itifaki ya HTTP, yaani kanuni ambazo vivinjari na seva hutumia kuwasiliana kwenye intaneti. Kichwa hicho huiambia seva ni ukurasa gani uliomleta msomaji. Tahajia yake ni kosa, kwa kuwa neno la Kiingereza linalokusudiwa huandikwa kwa r mbili katikati, lakini kosa hilo liliingia katika waraka wa viwango wa mwaka 1996 wakati programu zilikuwa zimekwisha kulizoea, na tangu hapo halijaondolewa. Kichwa kipya kilichobuniwa baadaye ili kudhibiti taarifa hiyo kinaitwa Referrer-Policy, kwa tahajia sahihi. Kwa hiyo mwandishi wa nyaraka anayeeleza mambo haya mawili katika ukurasa mmoja hana budi kuandika maumbo yote mawili, moja likiwa na kosa na jingine likiwa sawa, na atakayeyalinganisha kwa ajili ya unadhifu atakuwa amempa msomaji jina ambalo seva haitalitambua.

Pale jina linalosomwa na mashine linapoweza kubadilishwa, hubadilishwa polepole. Lugha ya Python ina kipengele cha kupima kama thamani mbili zinalingana, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa na majina zaidi ya moja, yakiwamo assertEqual na assertEquals. Jina la pili liliwekwa katika orodha ya majina yasiyopendekezwa, likaendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 10 huku likitoa onyo kwa anayelitumia, na hatimaye likaondolewa katika toleo la 3.12 mwaka 2023. Katika kipindi chote hicho wajibu wa nyaraka ulikuwa kutumia jina moja tu katika mifano yake, ili mwanafunzi mpya asijifunze jina linaloelekea kufa.

Namna kazi inavyofanywa

Hatua ya kwanza ya usahihishaji ni kuhesabu, maana yake kutafuta kila mahali jina linapotokea katika maumbo yake yote, kisha kutazama ni umbo lipi lililoenea zaidi na lipi limeelekezwa na mwongozo wa mtindo wa mradi kama upo. Kanuni ya msingi hapa ni kwamba jina linalochaguliwa si lazima liwe zuri kuliko mengine, ili mradi liwe moja na liwe limekubaliwa na wanaoutunza mradi. Msahihishaji anayekuja na jina la tatu la kwake mwenyewe huongeza tatizo alilokusudia kulipunguza.

Hatua ya pili ni kuyachambua matokeo moja baada ya jingine, na hapa ndipo wengi huteleza. Programu za kuhariri maandishi zina uwezo wa kutafuta neno na kulibadilisha kila lilipo kwa kubofya mara moja, na kishawishi cha kutumia uwezo huo ni kikubwa. Ikiwa mtu ataamua kwamba katika nyaraka za PostgreSQL neno user libadilishwe kuwa role kila mahali, jina la zana ya createuser, inayotumika kuandikisha mtumiaji mpya, litageuka kuwa createrole. Zana yenye jina hilo haipo, lakini CREATEROLE ipo, nayo ni kitu kingine kabisa: ni sifa inayompa mwenye nayo haki ya kuunda majukumu mengine. Msomaji atakuwa ameelekezwa kwenye jina halisi lenye maana isiyo yake, kosa ambalo ni baya kuliko lile la awali kwa sababu haligunduliki kwa macho.

Ili kuepuka ajali za namna hiyo, miradi mingi hutumia alama za maana ndani ya maandishi ya mwongozo. Nyaraka za PostgreSQL huandikwa kwa mfumo wa alama unaoitwa DocBook, ambamo jina la programu hufungwa kwa alama ya productname, amri kwa alama ya command, na jina la faili kwa alama ya filename. Kwa msomaji wa kawaida alama hizo hazionekani, lakini kwa msahihishaji ni mwanga, kwani zinamwonyesha palepale kama neno postgres lililo mbele yake ni la binadamu, linaloweza kusahihishwa, au ni la mashine, lisiloguswa.

Hatua ya mwisho ni kuwasilisha badiliko kama kiraka, yaani faili fupi linaloonyesha mistari inayoondolewa na inayowekwa mahali pake. Kiraka kizuri cha majina hubeba majina tu. Kikichanganywa na marekebisho ya sarufi, mpangilio wa aya na maelezo mapya, mkaguzi hushindwa kuona ni mstari upi umebadilishwa kwa sababu ipi, na mara nyingi hukiweka kando. Pamoja na kiraka huandikwa maelezo mafupi yanayotaja umbo lililochaguliwa, sababu ya kulichagua na mahali palipoachwa makusudi bila kuguswa, kama vile historia ya matoleo ya zamani, ujumbe unaonukuliwa kutoka katika programu, na anwani za kurasa ambazo zingevunjika kama zingebadilishwa.

Watafsiri na wasomaji wa Kiswahili

Kundi linaloumia zaidi kutokana na majina yasiyolingana, baada ya wanaoanza kujifunza, ni watafsiri. Kiswahili si kigeni katika uwanja huu, kwani mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice.org, lililoitwa Jambo OpenOffice. Mtafsiri anayekutana na maneno mawili ya Kiingereza katika mwongozo mmoja hulazimika kudhani kwamba ni dhana mbili, akatafuta maneno mawili ya Kiswahili, na hivyo kosa la chanzo likahamia katika lugha ya pili likiwa limevaa nguo za usahihi. Wasomaji wa Kiswahili tayari wana mzigo wao, kwa kuwa neno la siri la kuingilia katika akaunti huitwa nenosiri katika programu moja na nywila katika nyingine, na mtumiaji mzee au mgeni wa teknolojia haoni kwa urahisi kwamba anaulizwa kitu kile kile.

Lakini hata usahihishaji wenyewe una gharama kwa mtafsiri. Programu nyingi huria hutumia mfumo wa tafsiri uitwao gettext, ambamo kila sentensi ya Kiingereza ni ufunguo wa tafsiri yake. Sentensi hiyo ikibadilishwa hata herufi moja, ufunguo wa zamani haufungui tena, na tafsiri iliyokuwapo huwekewa alama ya kutiliwa shaka hadi mtu aikague upya. Tafsiri yenye alama hiyo kwa kawaida haitumiki, hivyo mtumiaji aliyekuwa akisoma ujumbe kwa lugha yake huamka siku moja akauona kwa Kiingereza. Ndiyo maana miradi kama GNOME huweka kipindi kabla ya kila toleo ambapo maneno yanayoonekana na mtumiaji hayabadilishwi, ili watafsiri wapate nafasi ya kuyafikia. Msahihishaji muungwana huuliza kwanza kama kipindi hicho kimeanza, na akikuta kimeanza, husubiri.

Kwa msomaji anayetamani kuchangia katika programu huria lakini anaogopa kwamba hajui kuandika msimbo, kazi hii ni mlango ulio wazi. Anachohitaji ni kuchagua programu anayoitumia kila siku, kuusoma mwongozo wake kwa macho ya mgeni, kuandika kila mahali ambapo kitu kimoja kimepewa majina mawili, na kuwauliza wenye mradi ni jina lipi wanalolitaka kabla hajagusa chochote. Wanaoandika na kutafsiri kwa Kiswahili wana wajibu wa ziada wa kuandaa sherehe ya istilahi kabla ya ukurasa wa kwanza na kuifuata hadi ukurasa wa mwisho. Mwongozo unaokiita kitu kimoja kwa jina moja humpunguzia msomaji makosa ambayo hata asingejua kwamba yanamngoja, na kazi ya kuufikisha hapo inastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya kuijenga programu yenyewe.